Kifaransa cha Msimu wa Senene

Wanafunzi wangu wote waliguna walipofika kwenye ukurasa ule. Mwingine alilalia dawati, mwingine alikohoa, na yule mwenye ujasiri kuliko wenzake alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na hii nayo ni ya nini?" Ulikuwa ukurasa wa vitenzi vya Kifaransa katika umbo ambalo wenye lugha yao huliita subjonctif plus-que-parfait. Jina peke yake linatosha kumkatisha mtu tamaa. Kwa hiyo niliwaambia wafunge kitabu kwanza. Kisha niliwauliza: nani hapa amewahi kuchambua senene?

Mikono karibu yote ilipanda, maana nilifundisha sehemu kubwa ya maisha yangu huku huku Bukoba na Muleba, na huku senene hajawahi kuhitaji kutambulishwa.

Nawe msomaji usiogope, nitakueleza taratibu kama nilivyowaeleza wao. Chukua mambo mawili yaliyokwisha kupita, moja likiwa limetangulia jingine. Halafu hilo lililotangulia lisiwe jambo la hakika, liwe ni tamaa ya mtu, au hofu yake, au shaka. Baba yangu alikwenda kanisani Jumapili asubuhi, na alitaka senene wawe wameshachambuliwa kabla hajarudi. Je, walichambuliwa? Sentensi haisemi. Inasema tu kwamba baba alitaka iwe hivyo. Basi pale penye "wawe wameshachambuliwa", Mfaransa wa zamani, yule wa kalamu ya wino na shingo iliyonyooka, aliweka umbo letu hili. Ndiyo hiyo tu. Umeshaelewa sehemu ngumu kuliko zote.

Tena sisi tuliozaliwa ndani ya Kihaya hatuna haki ya kuliogopa. Mtoto wa Kihaya, kabla hajashika ubao wala chaki, anajua kwamba wakati uliopita si mmoja. Kama tumefunga mzigo leo hii asubuhi, tunasema twakoma. Kama tuliufunga jana, tukomile. Kama ni zamani zaidi ya hapo, tukakoma. Hakuna aliyetuchapa fimbo tuyajue hayo. Tuliyanywa na uji. Mtu mwenye milango mitatu ya kuingilia jana na juzi yake hashindwi kufungua mmoja zaidi.

Lakini mimi mwenyewe mlango huo nilifunguliwa na mama yangu, ambaye hakujua kusoma, na hilo ndilo nataka kulisimulia.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Waingereza. Nyumbani kwetu ni Kagoma, upande wa Muleba, ndani ya kibanja kikubwa, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba mpaka humwoni jirani, unamsikia tu akikohoa. Baba alikuwa mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa la Kilutheri. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache yalitoka kwenye Biblia. Mimi nilikuwa msichana wa kwanza wa ukoo wetu kufika darasa nililofika, na kwa sababu darasa hilo halikupatikana karibu na kwetu, nilisoma Bukoba mjini, kwa masista wa Kikatoliki. Nilikaa Bakoba, mtaa mmoja wa mji huo, kwa shangazi yangu. Walutheri shuleni tulikuwa wachache. Asubuhi wenzetu walipokuwa kwenye misa sisi tulifagia uwanja, na hatukuona vibaya. Uwanja ulikuwa mzuri wakati ule wa ubaridi, ziwa likionekana chini kama bati jipya.

Sista mmoja alikuwa ametoka Ufaransa. Alikuwa mzee tayari, na kazi yake hasa ilikuwa kutufundisha hesabu, lakini Jumamosi alifundisha Kifaransa kwa yeyote aliyetaka. Mwanzoni tulijaza benchi. Kila lilipokuja somo jipya benchi lilipata nafasi zaidi, mpaka tukabaki wawili: mimi, na binti wa fundi cherehani wa Bakoba, jirani wa shangazi yangu, ambaye babu yake alikuwa mtu wa Pwani. Huyo alikuwa na akili kunizidi na mdomo kunizidi. Tulipofika kwenye ukurasa ule alikifunga kitabu chake taratibu kabisa.

"Shoga, mimi kituo changu ni hiki," alisema. "Kitenzi kinachovaa kofia sikitaki."

"Ni herufi moja tu inayovaa kofia, hiyo û," nilimwambia.

"Leo kofia, kesho kitavaa koti. Nenda wewe. Watu mnaokula panzi hamwogopi kitu."

"Si panzi, ni senene."

"Ana miguu ya panzi, anaruka kipanzi, ila akifika Bukoba anaitwa senene. Haya, mama, na iwe hivyo."

Nikabaki peke yangu kwenye benchi. Ndipo Sista aliponiita pembeni akanieleza jambo ambalo nadhani alikuwa amelitunza muda mrefu. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi iliyokuwa chini ya Wabelgiji, masista wenzake walikuwa na chuo cha ualimu cha wasichana. Masomo yote yalikuwa kwa Kifaransa. Walikubali kumpokea msichana mmoja kutoka upande wetu kama ataweza kusimama mbele yao na kujibu kwa lugha hiyo. Wangepita Bukoba kabla ya Krismasi.

"Lakini ujue jambo moja, binti yangu," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Mkuu wao anapenda sana plus-que-parfait ya subjonctif. Anasema msichana anayeiweza hiyo, nyingine zote ameshaziweza. Lazima atakuuliza."

"Nikishindwa?"

"Atakupa chai, tena na biskuti. Kisha atakutakia safari njema ya kurudi kwenu." Alinishika bega. "Na jambo la pili. Baba yako aje nawe. Hawamchukui mtoto wa mtu bila baba kufika mwenyewe na kusema ndiyo."

La kwanza niliona nitaliweza kwa kujifunza. Hilo la pili ndilo lililoninyima raha njia nzima ya kurudi Kagoma shule zilipofungwa.

Nilimweleza baba jioni ile ile, baada ya kumpigia magoti na kumwamkia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Tutaona." Nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa mlango unaofungwa bila kelele.

Kesho yake nilijaribu tena, nikimwita tata, yaani baba kwa Kihaya. "Tata, chuo hakina malipo."

"Sikuuliza malipo. Nchi hii ni ya Mwingereza, wewe unatafuta lugha ya Mbelgiji. Utamfundisha nani?"

"Watapatikana tu, Tata."

"Na hao masista watakubatiza upya."

"Hawabatizi upya. Nimekaa nao miaka yote hii, nafagia uwanja."

"Hapa uwanja. Kule watakupa madhabahu yote ufagie." Akachukua panga akaenda kwenye migomba yake. Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi. Kisu chake kilisimama kidogo.

Wiki hiyo senene wakashuka.

Kwa asiyejua: senene ni mdudu wa kijani, mwingine wa rangi ya majani makavu, anayekuja na mvua za kuelekea mwisho wa mwaka. Anashuka usiku kwa makundi, na alfajiri anakuwa ameganda kwa umande, hana nguvu ya kuruka. Hapo ndipo mnatoka, akina mama na watoto, na vikapu, mnakwenda rweya, yaani ule uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja, mnamwokota kwenye majani kama mtu anayechuma matunda. Jua likipanda kazi imekwisha. Mnarudi mmelowa mpaka kiunoni, na kikapu kinachezacheza chenyewe.

Baada ya hapo ndiyo kuchambua. Unamshika senene mmoja mmoja, unang'oa mabawa, unang'oa miguu, unamtupia kwenye chungu. Ni kazi ya saa nyingi na vidole vinachubuka, maana miguu ya nyuma ina miiba. Mama alikaa mkekani nyuma ya nyumba, nami nikakaa mbele yake, kikapu katikati yetu. Na kwa kuwa mtihani ulikuwa haujanitoka kichwani hata kama ruhusa haikuwapo, nilianza kunong'ona kitenzi cha kupenda.

Sasa angalia hapa, maana hii ndiyo njia niliyowafundishia wanafunzi wangu wote. Senene ana miguu sita. Nafsi za kitenzi cha Kifaransa ni sita. Kila nafsi hutanguliwa na kaneno kadogo, que, nalo nikalifanya mabawa: unang'oa mabawa kwanza. Kisha miguu midogo mitatu, maumbo mafupi: j'eusse aimé, tu eusses aimé, il eût aimé. Halafu ile miwili mikubwa ya kurukia, na maumbo yake kweli ni marefu, yana miiba: nous eussions aimé, vous eussiez aimé. Unabaki mguu mdogo mmoja wa kumalizia, ils eussent aimé. Chunguni. Chukua mwingine.

"Unaimba nini?" mama aliuliza.

"Kitenzi, Mama. Cha Sista."

"Imba kwa sauti basi, nami nichangamke."

Nikaimba kwa sauti. Senene baada ya senene. Mama akaanza kwenda na mwendo wangu bila kujijua, mabawa yake yakitoka na mabawa yangu. Muda si mrefu akaniambia, "Huyo umemtupa na mguu."

Nikatazama chunguni. Kweli, alikuwapo senene mwenye mguu mmoja mkubwa umesimama kama mkono wa mtu anayeomba kusema. Na nilipokumbuka nilivyosema, nilikuwa nimeruka vous.

Tangu hapo mama akawa msimamizi wangu. Hakujua neno hata moja, ila masikio yake yalishajua urefu wa wimbo, na macho yake yalikuwa chunguni. "Mguu!" alisema, nami narudia. Safari moja nilijitetea.

"Huyu alikuja na miguu mitano, Mama. Mmoja ameuacha kwenye nyasi."

"Basi huyo usimsomee. Msomee mzima."

Tulicheka mpaka jirani akauliza kutoka kwenye migomba yake kuna nini. Mchana huo nilikisema kitenzi kile mara ambazo Sista asingeweza kunilazimisha hata kwa fimbo, na sikuchoka, kwa sababu sikuwa nasoma. Nilikuwa nachambua.

Kikapu kilipokaribia kwisha mama aliniuliza, "Na kinasema nini hicho, cha miguu sita?"

Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe: mtu anataka jambo liwe limeshakuwa kabla ya jingine, na yote mawili yameshapita. Nilitafuta mfano, sikuupata upesi.

Mama akasema, bila kuinua macho, "Kama mimi nilivyotaka niwe nimeshasoma kabla hawajaniozesha."

Akang'oa mabawa, akang'oa miguu yote, akatupa chunguni. Sikuwahi kujua kwamba alitaka.

Inabidi nieleze desturi moja, vinginevyo hutaelewa alichofanya jioni yake. Enzi zile mwanamke wa Kihaya hakula senene. Alimwokota, alimchambua, alimkaanga kwa chumvi, akamwandalia mumewe. Na mwanaume aliyekula senene wa mkewe alikuwa na wajibu wa kumvika. Alimnunulia nguo mpya, na nguo hiyo ilionekana kanisani siku ya Krismasi mbele ya watu wote. Mwanaume aliyekula senene na mkewe akaonekana na nguo ya mwaka jana, alikuwa na la kujibu. Wachungaji wetu walikemea mambo mengi ya zamani, lakini hili sikumsikia hata mmoja akilikemea. Nao walikuwa wanakula senene.

Baba alirudi, akanawa, akakaa. Mama akapiga magoti, akamwekea sahani. Baba alikula kama anavyokula mtu aliyengoja mwaka mzima. Alipofika nusu alifurahi, akainuka, akafungua sanduku lake, akatoa kitambaa alichokuwa ameshakinunua kwenye duka la Mhindi. Kilikuwa cha buluu chenye maua meupe. Hata mimi niliyekuwa mlangoni nilisogea nikione vizuri.

Mama alikipapasa kwa nyuma ya mkono, kwa sababu vidole vilikuwa na mafuta. "Kizuri sana, waitu," alisema, na hilo waitu ni neno letu la heshima. "Kirudishe."

Baba alikuwa amerudia sahani yake. Aliacha kutafuna. "Kina kasoro?"

"Hakina."

"Ni rangi?"

"Rangi ni yangu kabisa. Lakini mwaka huu usinivike kitambaa. Mpeleke huyu mtoto Bukoba, akasimame mbele ya hao masista."

"Hilo nimeshalijibu."

"Ulilijibu kabla hujala senene."

Baba akaitazama sahani. Akamtazama mama. Nilishikilia mwimo wa mlango.

"Umenitega," alisema.

"Nimekukaangia."

"Na nikikataa?"

"Basi nirudishie senene wangu."

Nilisikia sauti ambayo kwanza nilidhani amepaliwa. Baba yangu alikuwa anacheka. Alicheka akijizuia, mabega yakitingishika, na mama bado amepiga magoti, uso mkavu kama hakuna aliyesema kitu. Alipomaliza kucheka aliniita.

"Hebu kiseme hicho Kifaransa, nijue navalisha nini."

Nikasema chote, mabawa na miguu. Alikuwa akihesabu kwa vidole. "Sita?"

"Sita, Tata."

"Na watu husema hivyo wakati gani?"

Sikutaka kumdanganya. "Kwa kweli siku hizi hawasemi sana. Wanaandika tu."

"Nimekula senene wangu kwa ajili ya lugha ambayo hata wenyewe hawaisemi." Akatikisa kichwa, akachukua senene mwingine. "Nitampeleka. Lakini kusali atasali Kilutheri."

Tulikwenda na basi, baba amevaa koti lake la kanisani katikati ya wiki. Tulilala Bakoba kwa shangazi. Asubuhi rafiki yangu, binti wa fundi, alikuja na kitana na mafuta ya nazi kunichana nywele.

"Tulia. Kichwa chako kigumu kama hicho kitenzi," alisema. Kisha kwa sauti ya chini, "Ukiipata, mwambie huyo mkuu wao kwamba kulikuwa na mwingine aliyeishia kwenye kofia."

"Twende wote basi."

"Nani atashona vifungo vya baba yangu? Nenda. Ukirudi bila nafasi usipite mlango huu, pita dirishani."

Baba alikaa kwenye benchi la barazani, nje ya dirisha, kofia magotini. Ndani walikuwa Sista wetu na wageni wawili. Mkuu wao alikuwa mrefu, mwenye miwani, na sauti ndogo kuliko mwili wake. Aliniuliza ninatoka wapi, nikajibu. Alinisomesha aya, nikasoma. Alinipa imla, nikaandika. Kisha akavua miwani, na Sista wetu akaanza kutazama dari, nami nikajua limefika.

"Partir," alisema mkuu. Kuondoka.

Mimi nilikuwa nimechambua kikapu kizima kwa kitenzi cha kupenda. Cha kuondoka hakikuwamo. Tena hicho hakitumii kitenzi kisaidizi kile kile, kinatumia kingine kabisa. Halafu nikakumbuka kwamba senene ni senene: awe wa kijani au wa rangi ya majani makavu, miguu ni ile ile. Mikono yangu ilikuwa nyuma ya mgongo, na vidole vikaanza vyenyewe.

"Una nini mkononi?" aliuliza mkuu upesi.

Nikaonyesha viganja vitupu. Jina la senene kwa Kifaransa sikulijua, na mpaka leo silijui. "Nachambua, Sista," nikasema kwa Kiswahili.

Sista wetu akamweleza mwenzake kwa Kifaransa, harakaharaka, akionyesha kwa vidole mabawa na miguu. Aliishi Bukoba miaka mingi, alijua. Mkuu alisikiliza, akarudisha miwani machoni.

"Basi chambua hapa mbele, tuone sote."

Nikamshika senene wangu asiyekuwapo. Nikang'oa mabawa. Que je fusse partie. Que tu fusses partie. Qu'elle fût partie. Hapo nilivuta pumzi, maana ilifuata miguu mikubwa. Que nous fussions parties. Que vous fussiez parties. Na ule mdogo wa mwisho, qu'elles fussent parties. Nikamtupa chunguni, na macho ya masista wote watatu yakafuata mkono wangu mpaka sakafuni.

"Sasa nipe sentensi," alisema mkuu. "Yako, si ya kitabu."

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo tangu mkekani, nikaigeuza kidogo tu. Ma mère voulait que j'eusse étudié avant qu'on me mariât. Mama yangu alitaka mimi niwe nimeshasoma kabla sijaozwa.

Mkuu alisimama, akatoka barazani, akampa baba mkono. Sista wetu akatafsiri: nichukuliwe, nianze Januari, kama mzazi anakubali.

Baba alisimama na kofia yake. Nilijua alikuwa amepanga la kusema tangu Kagoma. "Atasali Kilutheri," alisema.

Mkuu alitafsiriwa, akajibu bila kutabasamu. "Asali. Mungu nitamwachia yeye. Vitenzi atanisomea mimi."

"Basi ndiyo," baba alisema.

Tulishuka na baba kwenda Bakoba mpaka tukakaribia nyumba ya shangazi. Hapo akaniuliza, "Ulisimama baada ya mguu wa tatu. Kwa nini?"

"Nilikuwa napumua, Tata."

"Nilidhani umesahau." Akanyoosha vidole vyake akavitazama, kama bado vinahesabu. "Nilikuwa nimebakiza vidole vitatu."

Kitambaa kile cha buluu kilirudi sandukuni. Mwaka uliofuata, senene waliposhuka, baba alimtolea mama kitambaa hicho hicho, na mama akamwambia hicho ni cha mwaka jana, mwaka huu anataka kipya. Alivikwa viwili. Lakini Krismasi ile ya mwaka wa mtihani wangu alikwenda kanisani na nguo yake ya zamani, ameifua, ameikunja mikunjo iliyonyooka. Baada ya ibada wanawake walisimama uwanjani na rangi zao mpya, mmoja akimgeuza mwenzake amwone mgongoni. Wakamfikia mama.

"Mwenzetu, mwaka huu senene hawakufika kwenye kibanja chenu?"

"Walifika."

"Na mwenyewe hakula?"

"Alikula akamaliza."

Mama mmoja mnene, mcheshi, akapandisha sauti ili baba, aliyekuwa karibu na wazee wenzake, asikie. "Jamani! Mtu anakula sahani nzima halafu mke anakuja na nguo ya mwaka jana! Hakukuvika?"

Baba alitazama chini. Angeweza kujitetea kwa neno moja, hakulisema. Alimwachia mama.

"Amenivika," mama alisema. "Amenivika Kifaransa."

Kicheko kilichopigwa hapo kilifika barabarani. "Kikoje? Tukione basi! Kina maua?"

"Kina miguu," mama alisema, akanigeukia. "Waonyeshe."

Nikasimama pale uwanjani, mbele ya kanisa letu la Kagoma, nikawasomea kitenzi cha kuondoka. Wanawake walisogea karibu, wengine midomo wazi, mtoto mmoja akaanza kunifuatisha. Sikuwatazama wao. Nilitazama mikono ya mama, iliyokuwa kifuani pake, vidole vikitembea pamoja nami, mabawa kwanza, kisha midogo mitatu, kisha mikubwa, kisha wa mwisho. Nilipomaliza yeye alikuwa amemaliza.

Aliwageukia wenzake, nguo yake ya zamani imenyooka, kidevu juu.

"Mmeona?" alisema. "Hakuacha hata mguu mmoja."